Akila na Prisila Walikimbia na Ufundi Wao

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-3 na 24-28



Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamefukuza jamaa nyingi katika mashamba yao ya kakao na mpunga. Wengi wamefika kwetu, na tunaketi nao katika benchi moja ya ibada. Tunajiuliza: mtu aliyepoteza shamba ataishi kwa nini?

Tusikilize Maandiko. Akila na Prisila nao walifukuzwa. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi watoke Roma, nao wakafika Korinto kama wageni. Lakini ufundi wa kushona hema ulikuja nao mikononi. Kwa ufundi huo walikula, tena wakampokea Paulo na kufanya kazi pamoja naye. Mkimbizi akawa mwenye kupokea mgeni!

Basi tusingoje unabii wa kazi huku mikono imelala. Roho anayesema kwa kinywa cha nabii ndiye aliyemjaza Bezaleli akili ya kuchonga mbao na kufua shaba (Kutoka 31), akamtia moyoni kuwafundisha wengine (Kutoka 35:34).

Lakini kipawa kinahitaji kufundishwa. Apolo alikuwa hodari wa Maandiko, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila walimweleza vema zaidi, naye hakukataa kufundishwa na washona hema, mmoja wao mwanamke. Kisha ndugu waliwaandikia wanafunzi wa Akaya wampokee, akavuka kwenda huko, kazi yake ikazidi.

Vijana wetu, chagueni kazi moja: ushonaji, useremala ao uashi. Usimwache fundi kwa kuwa umekwisha kushona kaptula moja. Akisema fumua, fumua, ushone tena. Uliza kwa nini kitambaa kinakatwa hivi. Kesho mtindo ukibadilika, utajua kukata bila yeye.

Nanyi mafundi, msifiche. Anayemtuma mwanafunzi kuchota maji na kufagia mwaka mzima bila kumpa mkasi, anamwibia siku zake. Na kijana tunayemwacha akae bure, wenye silaha wana kazi ya kumpa.

Kila fundi wa kanisa afungue mlango kwa mtoto mmoja wa hao waliokimbia. Vita imechukua shamba la baba yake. Tumpe kitu ambacho hakiachwi nyuma. Bwana aithibitishe kazi ya mikono yetu. Amina.