Agano Lilimfikia na Bundi

Somo: Mwanzo 9:8–17



Tusomapo habari za Nuhu, wengi wetu hukumbuka upinde wa mvua na kuwasahau waliotajwa katika agano. Aya ya 10 inawataja ndege, mifugo na wanyama wa mwituni. Wote waliotoka safinani waliahidiwa uhai.

Juma hili tuwatafakari wawili tusiowapenda. Tumbusi twamdharau kwa kula mizoga. Bundi twamwita uchuro. Akilia juu ya paa, hupigwa mawe. Wapo wanaoitetea chuki hiyo kwa Walawi 11. Sura ile iliwakataza Waisraeli kuwala ndege hao. Haikuagiza wauawe.

Huko Naivasha, Kenya, kipo kituo kinachowatibu ndege mbuai: aliyenaswa na umeme wa nguzo, aliyegongwa na gari, aliyekula sumu. Sumu hiyo mara nyingi huanzia kwenye uchungu wa mfugaji. Simba akishamuua ng'ombe, mzoga hutiwa dawa ya wadudu ili akirudi afe. Tumbusi hushuka kwa makundi, na mzoga mmoja huweza kuua makumi. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, hivyo pengo halizibiki upesi. Tangu 2015, tumbusi wa Rüppell wamo katika orodha ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka duniani. Hao ndio wanaomaliza mizoga porini kabla haijaoza.

Anayewahiwa hutolewa nyama yenye sumu iliyobaki kooni, akapewa maji na dawa, kisha akapumzishwa. Akipata nguvu hupewa nafasi ya kuzoeza mbawa, na siku ikifika huachiliwa. Wauguzi hujitahidi asiwazoee watu, maana nia yao ni aende zake. Ndivyo Bwana alivyomtendea yule mtu wa Wagerasi katika Marko 5: alipoomba kufuatana naye, alirudishwa kwa watu wake. Rehema ya kweli haimfungi aliyeponywa.

Ndugu zangu, tuifanye rehema hii kwa mikono yetu. Ukimkuta ndege mbuai amejeruhiwa, jihadhari na kucha zake. Mfunike kwa kitambaa, mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Usimlishe wala usimnyweshe kwa nguvu. Waite maofisa wa wanyamapori. Wazazi, wafundisheni watoto kutomrushia bundi mawe. Huyo ndiye anayekamata panya wa ghala zetu.

Na jirani akipoteza ng'ombe kwa simba, tusimwache peke yake na hasira yake. Twende kwake, tumchangie, tumsaidie kuimarisha boma, tuongozane naye kuripoti hasara. Tukimfariji mapema, huenda asiifikirie sumu kabisa.

Mungu wa agano atupe moyo wa kuwahurumia hata tusiowapenda. Amina.