Kijana Aliye Barazani



Ukipita asubuhi katika vijiji vya Kisondela, Wilaya ya Rungwe, kati ya migomba na mashamba ya chai, utasikia watu wakiamkiana, "Ugonile!" Nakuuliza: ukifika penye nyumba ya kijana mwenye ulemavu wa akili, naye ameketi barazani na mama yake, wamwamkia nani? Huenda wamwamkia mama peke yake, kisha wauliza habari za kijana mbele yake kana kwamba hayupo.

Wengine husema kijana huyo ni laana, au ni malipo ya dhambi za wazazi. Kurani Tukufu imekataa kabisa kwamba mtu aubebe mzigo wa mwingine. Basi mtoto mchanga ataadhibiwaje kwa kosa la baba?

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Anas (r.a.) habari ya mwanamke aliyekuwa na kasoro akilini, aliyemwambia Mtume Muhammad (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume hakuuliza walipo jamaa zake, wala hakumtuma mwingine amsikilize. Alimwita kwa heshima, kama mama wa fulani, akamwachia achague mwenyewe njia yoyote ya mji, akawa naye mpaka haja yake ikaisha. Mtawala wa Madina alisimama njiani, machoni pa watu, akamsikiliza mtu ambaye wengi wetu tungemwambia aende nyumbani. (Nasi hudhani tumetenda wema mkubwa tukimpa ndizi mbili!)

Tena iko mali. Baba akifa, ndugu hugawana shamba wakidai huyu hajui kitu. Sura An-Nisaa yawataka wasimamizi wa mali ya asiye na akili timamu wamlishe na kumvisha, na waseme naye kwa wema. Kusimamia si kunyang'anya.

Serikali nayo imesema. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Lakini sheria haina miguu ya kupanda vilima vya Rungwe. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Humo ndimo pa kuuliza kwa nini mtoto fulani hajaandikishwa shule. Mama akisimama peke yake, huenda akachekwa. Mkisimama watatu, mtendaji ataandika. Na kijana mwenyewe aje, aketi mbele pamoja na wenzake.