Dhahabu na Fadhila

Katika mwaka 1903 dhahabu ilionekana katika mto Agola, karibu na Kilo, katika nchi ya Ituri. Tangu siku zile watu wengi wameshika jembe na karai, wakichimba na kuosha mchanga. Na hata mjini Bunia dhahabu hiyo hupimwa kwa mizani ndogo. Lakini liko swali lililo la kale kuliko machimbo yote ya Kilo na Moto: Je, mali humfanya mtu kuwa mwema?

Swali hilo alilitafakari Socrates, mwenye hekima wa mji wa Athene katika nchi ya Wayunani, aliyekufa mwaka 399 kabla ya Kristu. Baba yake alikuwa mchonga mawe, na mama yake mkunga. Siku zile walikuwako walimu, kama Protagoras, waliofundisha fadhila kwa malipo makubwa. Socrates hakutoza mtu ujira. Alizungumza na matajiri na maskini sokoni, akiwauliza maswali ili kila mmoja aone mwenyewe lililo kweli. Kazi yake aliilinganisha na kazi ya mama yake: mkunga hamzai mtoto, bali humsaidia yule azaaye.

Juu ya mali fundisho lake lilikuwa hili. Mali, afya na nguvu, vikiwa peke yake, si vyema wala si vibaya. Mwenye hekima akivitumia, huleta faida. Mpumbavu akivitumia, huleta hasara. Basi fadhila haitoki katika mali. Fadhila ndiyo ifanyayo mali kuwa njema.

Watu wa Ituri wamekwisha kuuona ukweli huo. Katika miaka ya 2002 na 2003 makundi yenye silaha yalipigania Mongbwalu kwa ajili ya dhahabu yake, na watu wengi wasio na hatia wakauawa. Lakini dhahabu iyo hiyo imewalipia watoto karo na kuwanunulia wagonjwa dawa. Dhahabu haikubadilika, mioyo ya walioishika ndiyo iliyotofautiana.

Je, fadhila yaweza kununuliwa kwa mwalimu? Plato, mwanafunzi wa Socrates, aliandika habari za Themistocles, mkuu wa Athene. Mkuu huyo alimfundisha mwanawe kupanda farasi, hata akaweza kusimama wima juu yake na kutupa mkuki; lakini hakumwachia wema wake. Ndivyo ilivyo hata leo. Mzazi hulipa, na mtoto hujifunza kusoma na kuhesabu. Lakini haki na kiasi hapati, asipovitaka mwenyewe. Mwalimu ni mkunga tu.

Socrates alipohukumiwa kufa, rafiki yake Crito alikuwa tayari kutoa fedha ili atoroke gerezani. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kutenda lisilo haki, akanywa sumu.

Basi mkatekumeni atokaye machimboni na dhahabu kidogo mfukoni, kabla ya kuuliza uzito wake, na ajiulize yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani.