Mzigo na Furushi



Mtu akifiwa katika mitaa yetu ya Temeke au Kinondoni, haulizwi kama anahitaji msaada. Kabla ya jua kutua, turubai limefungwa, viti vimeletwa, akina mama wako jikoni na daftari la rambirambi linazunguka. Hali kadhalika kwa harusi: kamati huundwa na kadi za michango hutolewa.

Lakini yako mabadiliko ambayo hayafungiwi turubai. Watoto wamehama na nyumba imekuwa kimya. Mama hedhi imekoma, na usiku halali kwa jasho. Baba amepunguzwa kazini akiwa na miaka 50, na kila asubuhi huvaa shati safi na kutoka ili majirani wasijue. Kwa mambo haya hatuna daftari. Kila mmoja huambiwa, "Jikaze." Basi yafaa tujiulize: je, Mkristo aliyefika umri wa makamo avuke mabadiliko hayo kwa kujitegemea?

Wako wanaojibu kwamba ndiyo. Vijitabu vya kumfundisha mtu ajibadilishe huuzwa kando ya barabara, na mafundisho kama hayo hutufikia kwa simu. Si jambo jipya. Mwaka 1859 Mskoti mmoja, Samuel Smiles, alitoa kitabu juu ya kujisaidia, akakianza kwa msemo kwamba Mungu humsaidia ajisaidiaye. Wengi wetu tunadhani msemo huo umo katika Biblia. Haumo.

Wengine watasema kwamba hata Mwalimu Nyerere alitufundisha kujitegemea. Ni kweli, na sisi tuliopita vyuo vya ualimu baada ya mwaka 1967 tulilishwa neno hilo asubuhi na jioni. Lakini tukumbuke vizuri. Azimio la Arusha lilihusu siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, maneno mawili kama mapacha. Na katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu alitaka shule iwe jumuiya yenye shamba lake, walimu na wanafunzi wakifanya kazi pamoja. Hakumwambia mtoto mmoja akalime peke yake. Siku hizi tumemchukua pacha mmoja tukamwacha mwenzake.

Niliyajua haya kwa kuumia. Nilipokuwa na miaka 51 mama yangu alikuwa amefariki, na mwanangu wa mwisho alikuwa ameolewa mbali. Mchana nilifundisha, usiku nililia. Nikanunua kijitabu kilichoahidi kunifanya mtu mpya kwa siku 30. Nilikifuata kwa bidii ya mwalimu: niliandika malengo, niliamka alfajiri, nilitembea kila siku. Siku ya 30 mwili ulikuwa mwepesi kidogo, lakini moyo ulikuwa mzito kuliko siku ya kwanza. Kwa maana kama dawa yote imo ndani yangu, na bado sijapona, basi kosa ni langu. Huzuni ikazaa hatia.

Jumapili moja mwenzangu wa Umoja wa Akina Mama alinikuta nimebaki kanisani baada ya ibada. Akakaa karibu nami, akauliza, "Mwalimu, siku hizi unalala?" Hakuhubiri. Aliniambia kwamba yeye pia aliamka usiku kubadili shuka, tena kwa miaka mitatu. Jumanne alinisindikiza kwa daktari, nikapimwa, ikaonekana presha imepanda. Kijitabu hakikuweza kuiona presha hiyo, wala mimi sikuiona.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika mstari wa 2 anatuagiza kubebeana mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba wake. Lakini katika Kiyunani alitumia maneno mawili, na watafsiri wetu walifanya vema kuandika "mzigo" mahali pa kwanza na "furushi" mahali pa pili. Furushi ni lile mtu analoliweza begani. Hakuna atakayetembea kwa niaba yangu, wala kupunguza chumvi, kusamehe, kuandika wosia au kukubali kwamba nazeeka. Hapo kujitegemea ni wajibu, na anayemtwika jirani furushi lake ni mvivu. Mzigo ni ule unaompita mtu nguvu: ukiwa, kukata tamaa, kazi kupotea. Anayeuficha huo kwa jina la ujasiri hajitegemei. Anamnyima ndugu yake nafasi ya kutimiza agizo la Kristo.

Tazameni pia Umoja wetu wa Akina Mama ulivyoanza Uingereza mwaka 1876. Mary Sumner, mke wa padre wa Old Alresford, alikuwa na miaka 47 na binti yake alikuwa amejifungua. Badiliko hilo la kuwa bibi lilimkumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyolemewa alipokuwa mama kijana. Akawaalika akina mama nyumbani kwake, lakini siku ile hofu ikamshika akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki inayofuata. Walirudi. Kazi iliyofika hata kwetu ilianzishwa na mtu aliyekubali wenzake waone kwamba ameshindwa.

Najua mtakalosema: ukifungua moyo mtaani, kesho habari iko kisimani. Ni kweli, na ni aibu yetu. Ndiyo maana siwaambii mtangaze mambo yenu katika jumuiya nzima. Mchague mmoja au wawili wenye kifua. Na wewe unayeambiwa, jambo ulilopewa ni amana. Ukilitoa nje, umeiba.

Basi Jumapili hii, baada ya ibada, tusikimbilie daladala wote. Tumtazame yule aliyebaki kwenye benchi. Pengine ni yule baba mwenye shati safi. Hatuhitaji turubai wala daftari. Tukae karibu naye, tumwulize kama analala.

Mungu atujalie mabega ya kubeba yetu, na mikono ya kubeba ya wenzetu. Amina.