Hamu ya Askari Mstaafu: Kibera na Maadili ya Kukumbuka

Je, ni halali kimaadili askari mstaafu kuuonea hamu uwanja aliofunzwa kupigana, ilhali mafunzo hayo yalitumiwa kuwatiisha Waafrika wenzake? Mhakiki mwepesi wa kuhukumu huiita hamu hiyo kasumba ya kikoloni, na mjadala ukaishia hapo. Historia ya Kibera, magharibi mwa jiji la Nairobi, yadhihirisha upungufu wa hukumu hiyo.

Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilikuwa na askari wengi wenye asili ya Sudani, ambao vizazi vyao vyajulikana kama Wanubi. Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilikuwa ardhi yao ya mazoezi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, yenye ukubwa wa ekari zipatazo 4,000. Wastaafu waliruhusiwa kuishi humo bila kupewa hati za kumiliki. Hivyo ardhi iliyokuwa ya kwata na shabaha ikawa pia ya nyumba, mashamba na makaburi.

Kwa hiyo hamu ya mstaafu ina sura mbili. Ya kwanza ni hamu ya ujana, nidhamu na usuhuba. Sura hii husikia tarumbeta, lakini haisikii kilio cha Wanandi, ambao jeshi hilo lilitumiwa dhidi yao mwaka 1905 na 1906. Ukimya huo hautetewi. Sura ya pili ni ushahidi: anayekumbuka uwanja hukumbuka pia alivyokubaliwa kukaa juu yake. Ahadi ni deni. Haikuwa mpaka mwaka 2017 ambapo Wanubi walipewa hati ya ardhi ya jamii, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu.

Katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Kenyatta, zimesimama sanamu za shaba nyeusi za waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Sanamu hukumbuka utumishi, hazidai kitu. Mzee wa Kibera hukumbuka na kudai, na ndiyo maana kumbukumbu yake husumbua.

Basi swali la mhakiki lisiwe iwapo mzee ana haki ya kuona hamu. Liwe: katika hamu hiyo, ni deni gani linalotajwa, na ni kilio cha nani kinachoachwa nje? Masimulizi yanayoweza kubeba yote mawili, deni alilonyimwa msimulizi na dhuluma aliyoshiriki, ndiyo yanayostahili kuitwa ya kweli.