Kujua Pasipo Kujeruhi

Katika vitu nilivyorithi kwa marehemu babu yangu, aliyezaliwa na kuzikwa katika nchi hii ya Rungwe, imo sarafu moja ya heleri 20, yenye taji na herufi DOA, aliyoiokota kando ya ziwa Masoko, lile ziwa la shimo la volkano ambamo watu wa huku husadiki kwamba Wajerumani walizamisha mali yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na ukingoni mwake pana kovu la tupa, kwa kuwa mtu mmoja, alipoona chembe ya manjano iking'aa chini ya kutu, alitaka kuhakikisha kama si dhahabu, wala hakujua njia ya kuhakikisha ila kukwangua.

Haikuwa dhahabu. Sarafu hizo zilipigwa Tabora mwaka wa 1916, Wajerumani walipokwisha kufungiwa njia ya bahari, baadhi kwa shaba nyekundu na baadhi kwa shaba ya manjano, yaani shaba iliyotiwa zinki. Na dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitengwa kwa sarafu ya rupia 15, yenye sura ya tembo.

Lakini kovu lile limenishughulisha miaka mingi kuliko sarafu yenyewe, maana huniuliza: je, ni halali kukijeruhi kitu ili kukijua? Wazee wetu Wanyakyusa, walipotaka kujua kama mtu ni mchawi, walimnywesha mwavi, aliyetapika akahesabiwa safi na asiyetapika akahesabiwa mwenye hatia. Tena walipasua tumbo la maiti kutazama kama alikuwamo chatu wa uchawi. Siwadharau, kwani waliitafuta haki kwa kiu ya kweli. Lakini elimu ile ilidai mwili wa mtu uwe karatasi ya kuandikia jawabu, na hilo moyo wangu haulikubali.

Wako waliotafuta kwa upole. Al-Khazini wa Marw, katika kitabu chake cha mizani ya hekima cha mwaka wa 1121, alieleza jinsi ya kupima kitu hewani kisha majini, ili tofauti ya uzito itoboe siri ya madini bila ya kukwaruzwa. Na baada ya Röntgen kuvumbua eksirei mwaka wa 1895, kijana Mwingereza, Henry Moseley, alionyesha mwaka wa 1913 kwamba kila elementi ina mwonzi wake usiofanana na wa nyingine: eksirei ikiipiga atomi huing'oa elektroni ya ndani, na ile ya nje iangukapo kujaza pengo hutoa mwonzi wenye nguvu maalumu, ambao chombo huusoma na kusema, hii ni shaba, hii ni zinki. Moseley aliuawa Gallipoli mwaka wa 1915, katika vita vile vile vilivyoizaa sarafu yangu.

Waislamu humwita Mungu Latifu na Khabiri, Mpole wa kupenya na Mwenye habari zote, na mimi, niliyelelewa kanisani, naona kuyaweka majina hayo mawili pamoja ni elimu kubwa: ajuaye kuliko wote ndiye asiyehitaji kupasua.

Hata hivyo chombo cha binadamu si Latifu. Habari zake, katika madini kama haya, hutoka katika ngozi tu, isiyofikia sehemu ya 10 ya milimita. Na shaba ya manjano iliyolala majini miaka mingi yaweza kupoteza zinki yake ya juu, ikabaki shaba tupu, hata mwonzi usiojeruhi ukatoa shahada ya uwongo kwa sauti ya ukweli. Lau ningeipeleka sarafu ya babu mbele ya chombo hicho, ingenibidi niigeuze mpaka kovu la tupa lielekee mwonzi, kwa kuwa hapo peke yake ndipo madini yalipo wazi. Simsamehe kwa hiyo yule mwenye tupa, wala nisingekwangua pengine. Lakini katika kovu lililokwisha kuwapo ningetazama, taratibu, kama mtu aketiye kando ya mfiwa na kumwacha aseme mwenyewe.