Je, Huruma Yaruhusu Kuficha Ugonjwa?

Ndugu mmoja aliyesilimu karibuni, naye akaa Uingereza, ameuliza swali ambalo kwanza laweza kuonekana dogo. Katika nchi ile mbwa waliotupwa au kuteswa hukusanywa katika nyumba maalumu. Mojawapo ya zile mashuhuri ilianzishwa London na bibi Mary Tealby mwaka 1860, ikahamia Battersea mwaka 1871. Mbwa asiyeweza kuvumilia banda hukabidhiwa mtu amlee nyumbani kwa muda, mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Ndugu yetu alimpokea mmoja wa namna hii, mwenye kifafa. Kila aliyekuja kumtazama alimpenda, na kila aliyeambiwa habari ya kifafa aliondoka. Sasa auliza: akinyamaza ili kiumbe huyu apate makao, je, hatakuwa ametenda wema?

Kabla ya kujibu, tuwatoe shaka wale watakaosema, Mwislamu ana nini na mbwa? Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. hakupenda mbwa afugwe bila haja, bali aliruhusu wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba; tena aliamrisha chombo alichokilamba kioshwe mara 7. Lakini usafi ni jambo moja, na ukatili ni jambo jingine. Ni yeye huyohuyo s.a.w. aliyesimulia habari za msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Basi kumtunza mbwa mgonjwa, pamoja na kuangalia usafi, si aibu kwa Mwislamu.

Sasa turudi kwenye swali. Wengine watasema kwamba udanganyifu ni wa biashara, na huyu hauzi, atoa bure. Hoja hii haisimami. Mtume s.a.w. alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, hakuuliza habari ya bei. Alilaumu kule kuficha. Kosa ni kumfanya mwenzako aamini lisilokuwapo, awe amelipa au hakulipa. Na huko Uingereza bima za wanyama kwa kawaida hazilipii ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima kukatwa. Hivyo gharama za miaka mingi zaweza kumwangukia mtu asiyejua kitu.

Lakini liko jambo lililo zito zaidi. Atakayedhurika kwanza ni mbwa mwenyewe. Mwenye kifafa mara nyingi hupewa dawa kila siku, kwa kawaida mara 2, na kwa saa zilezile. Dawa kama fenobabitali ikikatizwa ghafula yaweza kuleta degedege kali, moja likifuata jingine bila nafasi, na hali hiyo huweza kuua. Nani atampa dawa, ikiwa mwenyeji mpya hajui kwamba yahitajiwa? Ukimya ambao ndugu yetu auita huruma ungeweza kumwua yuleyule anayehurumiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Tena mbwa huyu si mali yake, bali ni amana. Wajibu wake ni kumweleza kila ajaye jina la dawa, kipimo chake, saa zake, siku ya degedege la mwisho na dalili zinazolitangulia. Kweli hii yaweza kumchelewesha mbwa miezi mingi, wala hatusemi kwamba ni jambo jepesi. Lakini mzigo wa kungoja ni wa mlezi, si wa kumtwisha mgeni kwa hila. Na atakayesikia yote hayo kisha akampokea, huyo ndiye makao; kwani degedege la kwanza halitamkuta hana habari.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yaishia kwa mbwa. Mwenye kuzoea kunyamaza juu ya kifafa cha mnyama, kesho atanyamaza juu ya maradhi ya mwanawe siku ya posa, na atasema vilevile kwamba alifanya kwa huruma.

Mwenyezi Mungu atujalie huruma isiyoogopa kweli. Amin.